Namba Yangu, Mkono Wake

Kwanza mniache niseme habari ya namba, maana kuna watu hawajawahi kuchuma majani chai na wanafikiri namba ni kitu cha mchezo. Kwenye lile shamba kubwa mtu hakuwa Rebeccah wala Mama Kipchoge, kama ninavyoitwa mimi. Mtu alikuwa namba. Yangu ilikuwa mia nne na kumi. Kwa namba hiyo nilipimiwa kilo, nikapewa chumba kambini, na nikiugua nilitibiwa dispensari ya shamba bila kulipa. Ukikosa kazini kwa muda mrefu namba ilipewa mwingine, na chumba kilifuata namba. Ndiyo maana ukipata shida ulitafuta mtu wa kwenu akushikilie. Alikuja akabeba kikapu chako, akafunga aproni yako, akachuma, na jioni nyapara akiita mia nne na kumi, yeye ndiye aliitikia. Nyapara alijua. Meneja naye sidhani alikuwa mjinga. Kilo ni kilo, na mzani hauulizi sura.

Mwaka wa tisini na tano mama mkwe wangu alianguka kwenye tope akavunjika nyonga, huko kwao karibu na Chepilat. Johana, mume wangu, alikuwa mtu wa kiwandani, pale majani yanapokaushwa, na kiwandani hakuna kushikiliana, mashine haina mzaha. Kwa hivyo ni mimi nilienda kumuuguza mama yake. Mdogo wangu Chepkosgei akatoka nyumbani akaja kunishikilia namba.

Chepkosgei alikuwa na miaka ishirini na minne wakati huo. Hakuwa ameolewa, na alikuwa na mdomo. Kumwamsha asubuhi ilikuwa vita, lakini akishaingia shambani mikono yake ilikimbia kuliko yangu, na wenzangu waliniambia baadaye, bila huruma, kwamba mia nne na kumi haijawahi kuchuma vizuri hivyo.

Sasa upele. Pale shambani tulikuwa na upele tuliouita upele wa plastiki. Unajua tulifunga aproni za plastiki ili umande usitulowanishe, na bado tulilowa, na jasho likabaki ndani. Basi mtu akitokwa na vipele vidogo vigumu mikononi na miguuni, vya kuwasha mpaka anajikuna kwa gunzi la mahindi, tulisema ni plastiki. Wengine walisema ni dawa ya kunyunyiza, wengine wadudu wa majani. Hakuna aliyefikiria ugonjwa mwingine, na kwa nini afikirie? Mtu anashinda ndani ya majani mabichi mpaka kiunoni tangu alfajiri, ngozi yake ikiharibika utamlaumu nani kama si majani? Tulipaka mafuta ya ng'ombe tukaendelea na kazi.

Chepkosgei alitokwa na huo upele ukamnyima usingizi. Akaenda dispensari, na alienda kwa namba yangu, maana yeye mwenyewe hakuwa na namba, na asiye na namba hata panadol hapewi. Wiki hiyo alikuwa amekuja daktari wa ngozi kutoka Nairobi, Daktari Arasa, mtu wa Kisii, mpole, mwenye kamera. Alikuwa anatafuta watu wenye upele wa aina ile. Akamwandika kwa jina langu na umri wangu, akampiga picha mkono, akamtoa damu. Alimwomba ruhusa, hilo nalisema ili nisimwonee. Chepkosgei akakubali kila kitu. Angekataa vipi, naye yuko pale kwa jina la mtu? Mtu wa kuazima hana kelele.

Niliporudi alinisimulia huku anacheka, ati mkono wake umepigwa picha na mtu wa Nairobi hata kabla uso wake haujapigwa. Tulicheka sote wawili. Akarudi nyumbani, mwaka uliofuata akaolewa na fundi wa mbao kule Merigi, na mimi nikarudia kikapu changu.

Haya yafuatayo niliyajua baadaye sana, lakini nawaambia sasa ili msihangaike. Majibu ya ile damu yalitoka Nairobi yakafika dispensari. Sista Mellen, muuguzi, alikuwa mgeni, hakunijua mimi wala mdogo wangu. Aliona mia nne na kumi, mke wa Johana wa kiwandani. Na siku zile, jambo zito kama hilo hakuambiwa mwanamke. Aliitwa mwenye nyumba. Yaani damu ni ya mwanamke, mkono ni wa mwanamke, na anayeketishwa kwenye kiti na kuambiwa polepole ni mwanamume! Mpaka leo nikikumbuka hilo nataka kupiga kitu. Basi Johana aliitwa akaambiwa mke wake ana virusi vya ukimwi, na huenda yeye pia anavyo, amlete mkewe wazungumze.

Johana hakunileta. Hakusema neno.

Mimi nilichoona ni mume aliyebadilika. Alihama kitanda akalala chini kwenye godoro lake, akisema mgongo unamsumbua. Nikimwambia mtoto wetu Kipchoge amekuwa mkubwa, tupate mwingine, alitoka nje. Na wakati huohuo alikuwa ananitunza ajabu. Siku ya mshahara aliniletea maini. Alikuja jioni mpaka mahali pa kupimia akanipokea kikapu, mwanamume mzima, wenzake wakimcheka. Usiku nikikohoa kidogo tu aliketi. Sasa niambieni, mwanamume anakuletea maini na hataki kukugusa, wewe ungefikiria nini? Nilifikiria alichofikiria kila mwanamke wa kambi. Nikasema ana mtu huko Chepilat, na maini ni ya kunifunga macho.

Mimi nina mdomo, sikatai, si Chepkosgei peke yake aliyerithi. Nilimsema ndani, nikamsema nje, nikamsema mbele ya wazee wa kanisa mpaka mchungaji akaniomba niteremshe sauti. Johana alizidi kukonda, na watu wakaanza kumtazama na kunong'ona. Alikuwa anakonda kwa woga, kumbe, maana aliamini ni yeye aliyeniletea. Kabla hatujaoana alikuwa utingo wa lori za kwenda Malaba mpakani, na aliamini dhambi za barabarani zimemfuata. Hakwenda kupimwa. Alikuwa ameshajihukumu.

Siku moja ya mvua nilitupa godoro lake nje. Alilichukua, akalikung'uta tope, akaenda kuishi kwa makapera. Aliniambia neno moja tu, kwamba nisiache kula vizuri. Nilimjibu kwa tusi ambalo sitalirudia hapa.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, miaka miwili, nyumba mbili, mke na mume wasio na ugomvi wowote wa kweli.

Mwisho wa mwaka wa tisini na saba mvua ya El Nino ilikuwa inanyesha bila aibu. Barabara zilikatika, majani yakaota kwa wingi kuliko mikono ya kuyachuma. Jumamosi moja mchana Daktari Arasa akatokea mlangoni kwangu pamoja na Sista Mellen, viatu vyao vimekuwa tope tupu. Johana alikuwa pale nje, alikuwa amekuja kuziba paa langu linalovuja, maana hata baada ya lile tusi hakuacha kuja. Daktari akafurahi kutukuta sote wawili. Sura yangu haikumshangaza, maana mimi na mdogo wangu tunafanana na yeye alikuwa ameona wagonjwa wengi. Akasema amekuja kuona mama anaendeleaje, yaani mimi, na kunionyesha kazi aliyoifanya kwa msaada wangu.

Alikuwa na gazeti ndani ya mfuko wa nailoni. Akanisahihisha, si gazeti, ni jarida, la madaktari wa ngozi peke yao. Nikamwuliza kwani ngozi nayo ina gazeti lake. Akatabasamu akaanza kunieleza taratibu, akiwa ameketi kwenye kigoda changu. Alisema ukimwi ulipoanza kuonekana ng'ambo, mwanzoni mwa miaka ya themanini, hakuna aliyeujua. Madaktari wa ngozi walikuwa kati ya wa kwanza kushtuka, kwa sababu vijana walikuja kwao na madoa ya zambarau ambayo zamani yalikuwa ya wazee. Mmoja akaandika kwenye jarida alichokiona. Mwingine, mji mwingine, akasoma akasema hata mimi nimeona. Ndivyo ugonjwa usio na jina ulivyoanza kutambuliwa. Na huku kwetu, akasema, mashine za kupima damu ni chache, lakini ngozi kila mtu anayo na kila muuguzi ana macho. Kama muuguzi wa dispensari ya mashambani akijua upele fulani si wa plastiki wala wa wadudu, atashuku mapema, atampima mtu mapema, na mtu ataambiwa mapema.

Alisema vizuri, nilimsikiliza vizuri. Kisha nikamwuliza, sasa ukimwi na mimi ni wapi na wapi?

Akanitazama. Akamtazama Sista Mellen. Sista Mellen akamtazama Johana, na Johana akaweka nyundo chini.

Nikasema mnitazame mimi, mimi ndiye nimeuliza. Daktari akafungua jarida penye picha, labda alitaka kunikumbusha. Ulikuwa mkono mmoja tangu kwenye vidole mpaka juu ya kiwiko, umejaa vipele na madoa meusi. Chini yake kulikuwa na maneno, akanisomea kwa Kiswahili, sauti imepungua. Mgonjwa wa kike, mchuma majani chai, umri miaka thelathini na miwili. Umri ulikuwa wangu. Lakini pale kwenye kiwiko palikuwa na kovu pana linalong'aa, na lile kovu ningelijua hata gizani, kwa sababu ni mimi niliyekuwa nimembeba Chepkosgei siku aliponyoosha mkono akavuta sufuria ya maziwa yanayochemka.

Nilipandisha mikono ya sweta yangu yote miwili mpaka mabegani. Ngozi yangu ilikuwa safi.

"Huu si mkono wangu," nikasema. "Ni wa mdogo wangu. Alikuwa amenishikilia namba."

Nilijua ninasema nini mbele ya muuguzi wa shamba. Nilikuwa ninatupa namba, na chumba, na kila kitu. Sikujali. Daktari Arasa akawa kijivu. Akaniambia damu ile ilikuwa na nini, na majibu yake yalipelekwa wapi.

Johana akaketi pale mlangoni, kwenye maji.

"Niliambiwa," akasema. "Niliambiwa tangu mwaka ule. Nilidhani nikikwambia utakufa haraka."

Nyinyi mnataka kusikia kwamba nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Nilikuwa na hasira ya kutosha kambi nzima. Nilimwambia kwamba amenizika nikiwa hai, na akaniletea maini kaburini. Baadaye tulipimwa, mimi na yeye, na hakuna aliyekuwa na kitu. Alirudisha godoro. Tunaishi vizuri hata sasa, lakini mtoto mwingine hatukupata, na maneno niliyomwambia mbele ya wazee wa kanisa hayawezi kuokotwa. Nikimwona amelala wakati mwingine naona uchungu mpaka naondoka chumbani. Alinipenda kwa namna ya kijinga, na mimi nikamtukana kwa sababu hiyohiyo.

Lakini siku ile sikuwa na nafasi ya Johana. Daktari alikuwa anasema juu ya kosa la umri, kwamba atawaandikia wenye jarida walirekebishe toleo lijalo, maana madaktari wa nchi nyingi wanalisoma na wanalitegemea.

Nikamwambia, "Gazeti utalirekebisha. Na mtu je? Mdogo wangu ana mtoto wa miezi mitatu na anamnyonyesha."

Alisimama palepale. Akaniuliza Merigi ni mbali kiasi gani kwa barabara ile.

Tulienda kesho yake baada ya kanisa, kwa Landrova yake, mara mbili tukashuka kusukuma. Njiani alijaribu kunieleza kwa nini hakuja mwenyewe kutoa majibu, kwamba alikuwa na dispensari nyingi, kwamba aliamini yamefika. Yalikuwa yamefika kweli. Hilo ndilo lililoniuma. Kila mtu alifanya kazi yake: daktari aliandika, jarida likachapa, muuguzi akaita mwenye nyumba, mume akamhurumia mke, na mimi nikagombana kwa nguvu zangu zote. Watu hupenda kusema mficha maradhi kilio humfichua. Sawa. Na yule aliyefichwa maradhi yake mwenyewe, methali yake ni ipi?

Nilikuwa nikihesabu moyoni mambo ambayo yangekuwa tofauti. Kama ningeambiwa mimi, mwenye namba, ningejua siku hiyohiyo kwamba damu si yangu, maana sikutoa damu. Ningekimbia kwa mdogo wangu kabla hajaolewa, kabla hajapata mimba. Pengine angeolewa tu, pengine angezaa tu, mdogo wangu ni mkaidi, lakini angefanya hayo akijua. Hilo tu. Hakuna dawa ambayo tungepata wakati ule, sisi watu wa kambi. Kujua ndiko kulikuwa mali pekee, nako kulipelekwa mlango usio wake.

Tulimkuta Chepkosgei nyuma ya nyumba akianua nguo kabla mvua haijarudi, mtoto amefungwa mgongoni. Nelvine, alimwita, mtoto wa mashavu. Mumewe alikuwa amekwenda kutazama mbao zilizosombwa na maji. Alipoona daktari hakumkumbuka kwanza, kisha akamkumbuka akacheka, akaniambia, Mama Kipchoge, umeniletea mpiga picha wangu. Akatuingiza ndani, akataka kutengeneza chai. Nilimwambia aketi. Nadhani aliijua sauti yangu kwa sababu aliketi mara moja.

Daktari akamwuliza kama angependa mimi nitoke ili wazungumze wawili. Chepkosgei akasema hapana, hospitalini huyu ni mimi na mimi ni huyu. Basi akamwambia. Alimwambia vizuri, siwezi kusema vinginevyo, kwa sauti ya chini, bila maneno makubwa. Alimwomba msamaha pia. Mdogo wangu hakulia. Alimshusha mtoto akamlaza mapajani, akawa anamkunja na kumkunjua kidole kimoja kimoja.

Kisha akaomba aione hiyo picha. Daktari hakutaka, nikamwambia ampe, ni mkono wake. Akalipokea jarida, akalitazama muda mrefu. Akaligeuza nyuma na mbele, karatasi nzuri nzito, maandishi madogo yasiyo na mwisho. Akaweka mkono wake kando ya ule wa kwenye picha. Akauliza watu wanaosoma hili ni wangapi. Daktari akasema ni wengi, ni maelfu, nchi nyingi, na kwamba tayari kuna madaktari wawili wamemwandikia kusema kwamba kwa sababu ya picha hiyo wametambua wagonjwa ambao wangewakosa.

"Kwa hivyo madaktari wa dunia nzima walijua," Chepkosgei akasema. "Ni mimi tu sikujua."

Hakusema kwa hasira. Laiti angesema kwa hasira, ningemsaidia, hasira naijua. Alilifunga jarida akalirudisha kwa mikono miwili, kwa adabu, jinsi tulivyofunzwa kumpa mgeni kitu.

Nelvine akaanza kulia kwa njaa. Chepkosgei alimwinua, mkono ukaenda kwenye kifungo cha blauzi, ukasimama hapo.

"Daktari," akauliza, "nimpe ama nisimpe?"

Daktari Arasa alivua miwani. Alisema imeandikwa kwamba maziwa ya mama yanaweza kupitisha virusi, si kwa kila mtoto. Imeandikwa pia kwamba maziwa ya ng'ombe na maji ya mito, mvua ikiwa hivi, huua watoto wadogo kwa kuhara. Alisema bado wanabishana. Alisema yeye ni wa ngozi, na hilo ni la madaktari wa watoto, nao wana jarida lao.

Nikamtazama mdogo wangu, naye akanitazama, kwa sababu mimi ndiye mkubwa na tangu mama yetu afe yeye huniuliza mimi. Mtoto alizidi kulia. Chepkosgei akangoja kidogo, labda mmoja wetu angesema kitu, kisha akafungua kifungo akampa.